Kutoka Nikon D90 hadi Sony a6400: miaka miwili ya harusi na mazishi Kisumu

Bibi harusi alikuwa amesimama Dunga, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, mgongo ameupa ziwa, saa saba mchana, na jua lilikuwa utosini kama ilivyo kawaida ya mji ulio hatua chache tu kutoka ikweta. Gauni lilikuwa jeupe pe, uso wake mweusi wa kung'aa, na maji nyuma yake yalimetameta kama bati jipya. Kwa miaka 11 niliyoifanya kazi hii kwa Nikon D90, hapo ndipo ningeanza kubahatisha: napiga moja, nashusha kamera, nakinga skrini kwa kiganja ili nione, naongeza mwanga, napiga tena, huku bibi harusi akikunja uso kwa joto na mpambe wake akiuliza kama tumemaliza. Siku hiyo nilikuwa na Sony a6400, kamera ndogo isiyo na kioo ndani yake. Niliiinua jichoni, nikauona uso umezama gizani hata kabla sijabonyeza chochote, nikazungusha kigurudumu kwa kidole gumba mpaka ngozi yake ikarudi katika rangi yake, kisha nikapiga. Picha hiyo ya kwanza ndiyo familia iliyoichapisha na kuitundika sebuleni.

Nimengoja miaka miwili kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu wapiga picha wengi ninaokutana nao kazini hapa Kisumu, na hata wale wa Kakamega na Nakuru, bado wanabeba kamera za SLR, yaani zile zenye kioo ndani, za rika la ile yangu, na huniuliza swali lilelile: je, faida ya kuhama inalingana na fedha zitakazotoka mfukoni? Kamera zote mbili si mpya. Nikon ilitangaza D90 Agosti 2008, nami niliinunua mwaka 2012 ikiwa imeshatumika. Sony ilitangaza a6400 Januari 2019, nami niliipata kwa mpiga picha mwenzangu aliyekuwa akihamia kamera kubwa zaidi. Sizungumzii basi kilichofika dukani juzi, bali kile ambacho mtu anayelipwa kwa shughuli moja moja anaweza kukinunua bila kuuza ng'ombe.

Niseme kwanza kwamba D90 haikunifia mkononi. Shata yake, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga, ilijaribiwa kiwandani kwa mapigo 100,000, na yangu ilikuwa imepita 130,000 ikiendelea kugonga bila wasiwasi. Megapikseli zake 12.3 zilitosha kwa picha ya sebuleni na kwa albamu, na sikumbuki mteja aliyewahi kulalamika kwamba picha haina uwazi. Iliyonichosha ni saa mbili za usiku ndani ya hema, pale ambapo taa ni balbu tatu zilizoning'inizwa kwenye mlingoti na watu wote wanacheza. ISO yake ya kawaida, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inakomea 3200, na hata kabla ya kufika huko, sehemu za giza za picha zilikuwa zinajaa chembechembe kama uji usiochujwa. Ile ya Sony inafika 32000 katika kiwango cha kawaida. Mimi mwenyewe siipitishi 6400 kwa kazi ya kulipwa, lakini hiyo 6400 ni safi kuliko 1600 niliyoizoea.

Hata hivyo, kilichobadilisha kazi yangu hasa ni lile tundu la kutazamia. Katika kamera ya SLR, mwanga unaopita kwenye lenzi hugonga kioo kilichoinama, ukapanda hadi kwenye prizimu, ukatokea jichoni. Unapobonyeza, kioo kinaruka juu ili mwanga ufike kwenye sensa, kile kifaa kinachoupokea mwanga na kuunda picha. Unachokiona ni mandhari yenyewe, safi kama kutazama dirishani, lakini si picha utakayoipata. Katika kamera isiyo na kioo mwanga unaifikia sensa wakati wote, na kile unachokitazama ni skrini ndogo inayokuonyesha jinsi sensa inavyouona mwanga huo kwa mipangilio uliyoiweka wakati huo.

Kwa mtu anayepiga picha watu weusi waliovaa nguo nyeupe chini ya jua la Kisumu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko maneno ya wauzaji. Kipimo cha mwanga cha kamera yoyote kina tabia ya kutaka kila kitu kiwe cha wastani, yaani kijivu. Ukiielekeza kwenye gauni jeupe, itapunguza mwanga, na uso wa mwenye gauni utakuwa kivuli. Ukiielekeza kwa bwana harusi mwenye suti nyeusi, itaongeza, na shati lake litaungua lisibakize hata mshono mmoja. Kwa D90 nilijifunza kukisia: kwa gauni na ziwa, ongeza hatua moja na theluthi ya mwanga, kwa kwaya yenye majoho meusi, punguza theluthi mbili. Makisio hayo yalikuwa mazuri kiasi cha kunilisha, lakini yalikuwa makisio. Sasa nauona uso, naona mahali gauni linapoanza kupoteza mikunjo yake, kwa kuwa kamera huchora milia mahali pale panapoelekea kuungua, na naamua mwenyewe kipi nitakitoa kafara. Siku nyingi nalitoa ziwa kafara. Hakuna aliyekuja harusini kutazama maji.

Faida ndogo ya tundu hilo, ambayo sikuitarajia, ni kwamba linaonyesha picha nzima. D90 huonyesha asilimia 96 tu ya upana na ya urefu wa picha itakayopigwa, na ile sehemu iliyojificha kingoni ndiko zilikokuwa zikiishi chupa za soda, miguu ya viti vya plastiki na kiwiko cha mjomba anayepiga picha kwa simu. Nilizoea kukata kingo kwenye kompyuta kila usiku wa Jumamosi. Kazi hiyo sasa imepungua sana, ingawa mjomba na simu yake bado yupo.

Lakini tundu hilo la kielektroniki linaweza kukuaibisha, na mimi liliniaibisha wiki ya pili. Nilikuwa kwenye hema jioni, nikachomeka flashi, nikaweka shata kwenye 1/160 ya sekunde, ambayo ndiyo kasi ya juu ambayo kamera hii hulingana na flashi, nikapunguza uwazi wa lenzi, kisha nikaitazama keki kupitia kamera: giza totoro. Nilidhani imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha, nikatoa betri, nikairudisha, na wakati huo kisu cha keki kilikuwa kimeshashikwa na mikono miwili. Kamera ilikuwa inanieleza ukweli tu: kwa mipangilio ile, bila flashi, picha ingekuwa nyeusi, nayo haikuwa na namna ya kujua kwamba flashi ingewaka. Kuna sehemu kwenye menyu ya kuzima onyesho hilo la mipangilio ili tundu libaki na mwanga wa kutosha kutazamia, nami nimeiweka kwenye kitufe ninachokifikia bila kutazama. Mwenye SLR anayehama asikose kufanya hivyo kabla ya shughuli yake ya kwanza ya usiku. Keki niliipiga picha, lakini ilikuwa tayari imekatwa, ikabidi niwaombe maharusi warudie.

Jambo la pili ambalo tundu hilo halijaliweza ni giza la kweli na mwendo wa haraka kwa pamoja. Jioni fulani niliketi kwenye mtumbwi kando ya mafunjo ya Dunga nikimngoja furukombe ashuke kuchukua samaki. Kupitia kioo cha D90 ningemfuata ndege kwa jicho bila kizuizi. Kupitia a6400, mwanga ulipopungua, onyesho lilianza kuwa na chembechembe na kuchelewa kidogo nyuma ya mwendo wenyewe, kiasi kwamba ndege alipokunja mbawa nilikuwa bado namtazama alipokuwa. Mdiria aliyetulia kwenye tete hana taabu. Yule anayeishi kwa kupiga picha ndege jioni na mapema asubuhi, awe Dunga au Ziwa Nakuru, aijaribu kwanza kamera hii kwa siku nzima kabla ya kuuza ya zamani.

Kuhusu fokasi, yaani kulenga ukali wa picha, sina mengi ya kubishana. D90 ina vituo 11 vya fokasi, vingi vikiwa vimejikusanya katikati ya picha, na kile cha katikati ndicho cha kutegemewa. Kwa hiyo nilikuwa nafanya kama wengi tunavyofanya: kuliweka jicho la mtu katikati, kubonyeza nusu, kusogeza kamera ili kupanga picha, kisha kupiga. Lenzi ikiwa imefunguliwa kabisa, huko kusogea kidogo kulitosha kuharibu mambo, nami nina maktaba nzima ya maharusi wenye masikio makali na macho yaliyofifia. Katika a6400 vituo ni 425, vimetapakaa karibu picha yote, na kamera inalitafuta jicho yenyewe na kulishikilia hata mtu akitembea. Wapambe wanapoingia kwa kucheza, wakija moja kwa moja kuelekea kwenye kamera, hatua mbili mbele moja nyuma, hapo ndipo utakapoona fedha zako zimekwenda wapi. Inaposhindwa, ni pale inapokuwa na nyuso ishirini za kuchagua. Mara mbili tatu imeng'ang'ania shangazi wa safu ya nyuma huku bibi harusi akipita mbele yake. Dawa yake ni kuigusa skrini juu ya uso unaoutaka na kuiacha imfuate huyo.

Ukimya wa kamera hii ulinivutia kwa namna nyingine. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni mazishi, na ndugu wanaponiita wanataka kila kitu kihifadhiwe: kuwasili kwa mwili, misa, hotuba, kaburini. Kioo cha D90 kinapogonga ndani ya chumba ambamo watu wanapita kumtazama marehemu kwa mara ya mwisho, kila mlio ni kama unaukatiza msiba. Nilikuwa nikingoja kwaya ianze ndipo nipige. Kamera hii inaweza kupiga bila sauti yoyote, na mara ya kwanza nilipoitumia hivyo, huko Seme, binti wa marehemu alinijia baadaye akaniuliza kwa upole kwa nini sikupiga picha yoyote ndani. Nilimwonyesha 40 na zaidi.

Ukimya huo una masharti yake, na masharti haya ni ya kamera nyingi za aina hii, si ya hii peke yake. Katika hali ya kimya sensa husomwa mstari baada ya mstari badala ya kufunikwa na shata, kwa hiyo kitu kinachokimbia hupinda. Nilipiga mechi moja uwanja wa Mamboleo kwa njia hiyo na mpira ukatoka umbo la yai. Aidha, chini ya baadhi ya taa za LED, ambazo makanisa mengi yamefunga siku hizi, picha hutoka na mistari ya giza na mwanga kama shuka la kikoi. Kanisani huwa napiga moja ya majaribio kabla watu hawajaketi. Ikiwa mistari ipo, narudi kwenye shata ya kawaida, ambayo hata yenyewe ina mlio mdogo kuliko kioo kinachoruka.

Uzito ni hesabu nyepesi. D90 bila betri ni gramu 620, na lenzi yangu ya milimita 18-105 ni gramu 420. Jumla inapita kilo moja kabla hujaongeza flashi. a6400 pamoja na betri na kadi ni gramu 403, na lenzi ndogo ya 16-50 ni gramu 116. Nikipanda matatu stendi naiweka kwenye begi la kawaida kati ya sweta na kopo la chakula, na hakuna anayejua nimebeba nini. Bega langu la kulia limeacha kuuma. Ila mkononi si raha sana: kishikio ni kifupi, kidole changu cha mwisho hakina mahali pa kukaa, na baada ya saa sita za harusi kiganja kinachoka kwa namna ambayo D90, pamoja na uzito wake wote, haikuwahi kukichosha.

Udogo una gharama nyingine ambayo haimo kwenye karatasi ya vipimo. Asubuhi moja mtaa wa Milimani, mama wa bwana harusi alinitazama nikipanga vifaa, akasogea karibu, akainamisha sauti: "Mwanangu, kamera umeisahau nyumbani?"

"Hapana, mama, ndiyo hii."

Aliitazama tena kama mtu aliyeletewa omena baada ya kuagiza mbuta. Sikubishana naye, nilimpiga picha akifunga kilemba karibu na dirisha, nikamwonyesha, akanyamaza, kisha akaenda kumwita dada yake naye apigwe. Tangu siku hiyo nawatumia wateja picha za kazi zilizopita kabla ya siku yenyewe, na nikikutana nao naanza na albamu, kamera ikiwa bado begini. Hapa kwetu watu wameizoea kamera nzito kuwa dalili ya kazi nzito, na mpiga picha anayehama ajue kwamba atalazimika kujieleza.

Betri ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Vipimo vya Nikon huipa D90 picha 850 kwa betri moja. Vile vya Sony huipa a6400 takribani 360 ukitazama kupitia tunduni na 410 ukitumia skrini ya nyuma, na hilo linaeleweka, kwa kuwa sensa na skrini vinafanya kazi hata wakati hupigi. Kwa mapigo ya mfululizo idadi huongezeka, lakini harusi ya siku nzima yenye video kidogo inanimalizia betri tatu. Kamera ilitoka kiwandani bila chaja ya pembeni, ikichajiwa kwa waya wa USB betri ikiwa ndani yake, jambo ambalo nililiona la kipumbavu mpaka siku umeme ulipopotea mtaa mzima kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi ya harusi. Niliichaji kwa pawabenki ya simu usiku kucha. Ningekuwa na D90 na chaja yake ya ukutani, ningekuwa nagonga mlango wa jirani mwenye jenereta. Tahadhari moja: betri za bei rahisi nilizouziwa na muuzaji mmoja wa vifaa vya simu zilivimba ndani ya miezi minne, na moja ilikwama ndani ya kamera ikabidi itolewe kwa koleo. Sasa nina tatu za kampuni yenyewe, nazo zilinigharimu zaidi ya nilivyopenda.

Vumbi nalo lilinipa somo. Kwenye SLR, unapotoa lenzi, kioo na shata vinaikinga sensa. Hapa sensa iko wazi inakutazama. Baada ya mazishi mawili Nyakach wakati wa kiangazi nilikuta madoa manne meusi kwenye anga la kila picha. Nabadilisha lenzi mdomo wa kamera ukiwa umeelekea chini, ndani ya gari au nikiwa nimeupa upepo mgongo, na pampu ndogo ya mpira haitoki mfukoni mwangu.

Wenye lenzi za Nikon wataniuliza kama zinafaa. Kwa kuwa kioo kimeondolewa, umbali kati ya mdomo wa kamera na sensa umepungua, kutoka milimita 46.5 za Nikon hadi 18 za Sony, kwa hiyo nafasi ya kuweka adapta ya kuziunganisha ipo tele. Lenzi yangu ya zamani ya 50mm f/1.8D, yenye pete yake ya kufungua na kufunga uwazi, inakaa vizuri kwenye adapta ya kawaida, na nafokasi kwa mkono, kamera ikipaka rangi kingo zilizo kali. Kwa picha za utulivu inafurahisha. Kwa harusi, haifai, hakuna muda. Lenzi zangu nyingine mbili za Nikon, 18-105 na 70-300, hazina pete hiyo, na adapta zinazozifaa zinaongeza gharama na kuondoa wepesi niliouhamia, kwa hiyo niliziuza zote mbili na kununua Sigma ya 30mm f/1.4. Gramu zake 265 ndizo ninazozibeba siku nane kati ya kumi. Kinachokosekana ni kitulizaji cha mtetemo: mwili wa kamera hauna, na Sigma hiyo haina, kwa hiyo video ya kutembea nayo inaruka kama mtu aliye kwenye bodaboda ya barabara ya mawe. Kwa video natumia 16-50, ambayo inacho.

Kamera nililipa shilingi 78,000 bila lenzi, nikapata 41,000 kwa lenzi mbili za zamani na flashi. Anayepiga picha za pasipoti na vyeti vya shule studioni, ambako taa hazibadiliki na kamera haitoki kwenye miguu yake mitatu, abaki na D90 yake. Hakuna atakachopata hapa cha kumrudishia fedha. Anayefukuzana na jua, hema na nyuso zinazosogea, aitafute hii, na akiipata mkononi mwa mtu aitoe lenzi na kuichunguza sensa kwa mwanga wa dirishani kabla hajatoa hata shilingi.

D90 sikuiuza. Anayo mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye juzi aliniletea picha 60 za kuku wa nyanya yake, zote zikiwa na mwanga mwingi kupita kiasi, akataka kujua kwa nini kile alichokiona tunduni hakikuwa kile alichokipata.